Difu ya gari linalosukuma kwa nyuma: inavyofanya kazi, inavyolia, na namna tunavyoiua wenyewe

Mleta uzi

Ndugu wadau, habari za kazi. Ndani ya miezi minane gari langu, Noah ya zamani ile inayosukuma kwa nyuma, limebeba difu tatu. Ya kwanza iliuawa kwa spana, ya pili haikuwa ya gari lile, na ya tatu ndiyo ninayotembelea hadi leo. Fedha niliyopoteza inaniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba ningekuwa ninajua nusu ya haya ninayoyaandika hapa, difu ya kwanza ingekuwa bado iko chini ya gari.

Yalianza kwa jambo dogo. Oili sili ya pinioni, yaani ule mpira wa kuzuia oili unaokaa pale propela (shafti ndefu inayotoka kwenye giaboksi) inapoingia kwenye difu, ilikuwa inavuja matone mawili matatu kila usiku. Fundi aliishusha propela, akafungua nati ya pinioni, akabadilisha sili kwa dakika arobaini, kisha akairudisha nati kwa spana iliyochomekwa bomba refu, na kijana wake akasaidia kuvuta ili ikaze barabara. Nilisimama pale pale nikaona, tena nikafurahi kuona kazi inafanywa kwa nguvu. Wiki tatu baadaye, nikitoka Kibaha kurudi mjini, nilipofika Kimara nikasikia uvumi kama wa nyuki kila mshale ulipofika 60, na ukawa unaongezeka hadi 80. Fundi yule yule akaniambia difu imekwisha.

Ili nieleze kilichotokea, inabidi kwanza tukubaliane difu ni kitu gani. Nguvu inatoka kwenye giaboksi, inapita kwenye propela na kufika nyuma ikiwa inazunguka kwa mwelekeo wa urefu wa gari, wakati matairi yanahitaji kuzunguka kwa mwelekeo wa upana. Pinioni, ambayo ni gia ndogo iliyo mwishoni mwa propela, inauma krauni, ambayo ni gia kubwa ya duara, na hapo mzunguko unageuzwa pembe mraba. Kwa kuwa krauni ina meno mengi kuliko pinioni, mzunguko unapungua kasi na nguvu ya kusokota inaongezeka kwa kiwango kile kile. Krauni yenye meno 41 ikiumana na pinioni yenye meno 10, propela itazunguka mara 4.1 ili tairi lizunguke mara moja. Hiyo ndiyo reshio ya difu.

Krauni imefungwa kwa bolti kwenye kasha dogo linalozunguka nayo, na ndani ya kasha hilo kuna gia ndogo zilizopitishiwa pini, zikiumana na gia mbili za pembeni. Kila gia ya pembeni imeshika hafushafti moja, na kila hafushafti inakwenda kwenye tairi lake. Gari likienda moja kwa moja, gia ndogo hazizunguki kwenye pini yake kabisa, zinabebwa tu pamoja na kasha. Gari likikata kona, zinaanza kujiviringisha, na mizunguko inayopungua upande wa ndani ndiyo hiyo hiyo inayoongezeka upande wa nje.

Kuna hesabu moja iliyonifumbua macho, nami naomba muifanye wenyewe kwa kalamu. Chukua gari ambalo matairi yake ya nyuma yametengana kwa mita 1.5, kisha likate kona moja ya pembe mraba katika mtaa wowote wa Sinza. Tairi la nje litasafiri takribani mita 2.36 zaidi ya la ndani, na tofauti hiyo ni ile ile kona iwe kali au ya taratibu, kwa sababu inategemea upana wa gari na pembe uliyogeuka tu. Mzingo wa tairi la gari dogo ni karibu mita 2. Kwa hiyo katika kona moja tu, tairi la nje limezunguka zaidi ya duru moja kamili kuliko mwenzake. Kama matairi yote mawili yangekuwa yamefungwa kwenye chuma kimoja, mita hizo mbili na ushee zingelazimika kuburuzwa juu ya lami. Mfaransa Onésiphore Pecqueur alisajili uvumbuzi wa kuondoa tatizo hili mwaka 1827, kwa ajili ya gari la mvuke, na wazo lake ndilo lililomo chini ya Hiace zetu hadi leo.

Sasa nirudi kwenye ile nati. Pinioni inashikiliwa na beringi mbili za koni, na katika difu nyingi kati ya beringi hizo kuna bushi nyembamba ya chuma iliyotengenezwa makusudi ibonyee. Kazi ya nati ni kuibonyeza bushi hiyo mpaka beringi zishikwe kwa kiasi maalumu, si kulegea wala kubanwa mno. Bushi ikishabonyea hairudi. Fundi wangu alipoivuta nati kwa bomba, aliibonyeza kupita kipimo, beringi zikabanwa, zikawa zinachemka kila nilipotembea, na baada ya wiki tatu zikaanza kumenyeka. Alichopaswa kufanya ni kupiga alama kwenye nati na kwenye shafti kabla ya kufungua, kuhesabu hesi (nyuzi za shafti) zinazoonekana, kisha kuirudisha nati pale pale kwenye alama.

Difu ya pili niliinunua iliyotumika, Ilala, kwenye maduka ya vipuri ya Shauri Moyo. Ilikuwa nzima, haikulia hata kidogo, lakini gari likawa linapiga kelele za injini barabarani na mafuta yakawa hayakai. Siku moja nikiwa nyuma ya rafiki yangu, yeye akaniambia tunakwenda 70 wakati mshale wangu ulikuwa unasoma 80. Tulipoishusha na kuhesabu meno, tukakuta 43 kwa 9, yaani 4.778, wakati ya asili ilikuwa 41 kwa 10. Mshale wa mwendo unasoma kutoka kwenye giaboksi, kwa hiyo haujui kwamba difu imebadilika, na 80 niliyokuwa ninaisoma ilikuwa 69 halisi. Difu inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwe yako.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

Mdau wa Mbagala

Ahsante sana, mkuu, kwa somo. Mimi ninabeba mizigo kwa kigari kinachosukuma kwa nyuma. Wakati wa masika tairi moja likiingia kwenye tope, linazunguka lenyewe huku la upande mkavu limetulia kama halipo. Siku zote nimeamini difu yangu ni mbovu. Je, ndivyo?

Mleta uzi

Hapana, ndugu yangu, hiyo difu yako ni nzima na inafanya kile ilichotengenezwa kufanya. Difu ya kawaida inagawa nguvu ya kusokota sawa kwa sawa kwa pande zote mbili, wakati wote. Tope haliwezi kulishika tairi, kwa hiyo nguvu inayohitajika kulizungusha tairi hilo ni ndogo mno, na kwa kuwa mgawo ni sawa, tairi lililo kwenye ardhi kavu nalo linapata kiasi hicho hicho kidogo, kisichotosha kulisogeza gari.

Kuna njia ya kujaribu kabla ya kuita watu wasukume. Vuta handibreki kidogo, kwa kuwa katika magari mengi ya aina hii inashika matairi ya nyuma, kisha kanyaga mafuta kwa upole. Breki inalipatia tairi la topeni kitu cha kupambana nacho, na kiasi kile kile kinapelekwa kwa mwenzake mkavu. Usikanyage mafuta kwa hasira, kwa sababu tairi moja likiwa limesimama, lile jingine linazunguka mara mbili ya kile mshale unachosoma. Ukiona 40, tairi la topeni liko kwenye 80, na zile gia ndogo zinazunguka kwenye pini yake kwa kasi ambayo hazikukusudiwa kuistahimili kwa muda mrefu. Madereva wengi wameitoboa difu hivyo hivyo, wakijaribu kujinasua.

Fundi mstaafu, Temeke

Wanangu, nimesoma nikafurahi, lakini pana mahali pa kurekebisha. Kuirudisha nati kwenye alama ni sahihi pale tu beringi na bushi ni zile zile. Ukibadilisha beringi, alama haina maana tena, na bushi mpya ni lazima. Njia ya uhakika ni kupima ukinzani wa kuizungusha pinioni kwa spana ndogo ya kipimo. Kwa difu nyingi ndogo za Toyota, beringi mpya zinataka takribani niutoni-mita 1 hadi 1.6, na beringi zilizokwishatumika zinataka karibu nusu ya hapo. Ni ukinzani mdogo sana, unaweza kuuhisi kwa vidole viwili: pinioni inazunguka laini, yenye uzito kidogo, bila kukwaruza na bila plei (ulegevu) yoyote. Kaza kidogo, pima, kaza tena kidogo, pima. Ukipita kipimo, usilegeze nati ukadhani umerekebisha. Toa bushi, weka nyingine.

Jambo la pili ni kwamba krauni na pinioni huzaliwa pamoja. Kiwandani zinasagwa zikiwa zimeumana mpaka meno yajuane, na seti nyingi hugongwa namba inayofanana juu ya zote mbili. Anayekuuzia krauni peke yake kwa sababu pinioni yako bado nzuri, anakuuzia mlio. Hata seti kamili ikifungwa vibaya italia. Plei kati ya meno, kwa magari mengi madogo ya Toyota, ni milimita 0.13 hadi 0.18, na huipati kwa kukisia. Baada ya hapo unapaka rangi laini kwenye meno machache ya krauni, unazungusha mbele na nyuma huku umeizuia kidogo, kisha unaangalia alama imekaa wapi. Ikikaa katikati ya jino, sawa. Ikikaa kwenye ncha au shinani, pinioni iko mbali au iko karibu mno, na unarudi kubadilisha shimu, yaani vile vibati vyembamba vya kuiweka pinioni mahali pake. Mimi nilikuwa ninaifanya kazi hiyo siku nzima, na mara nyingine nilirudia mara nne. Fundi akikuambia ataseti krauni na pinioni kwa saa moja, mshukuru na uondoke.

Kuhusu oili, naomba mnisikilize kwa makini. Pinioni za magari haya haziingii katikati ya krauni, zinaingia chini ya katikati. Packard walianza kuutumia muundo huo mwaka 1926, na faida yake moja ni kwamba propela inashuka na sakafu ya gari inashuka nayo. Gharama yake ni kwamba meno hayabingiriki tu, yanateleza moja juu ya jingine yakiwa yamebanwa kwa nguvu kubwa, na oili ya kawaida inasukumwa ikatoka katikati yake. Ndiyo maana inatakiwa oili yenye alama GL-5, ile yenye harufu kali kama ya kiberiti. Kwa joto letu la hapa, 80W-90 au 85W-90 inafaa kwa magari mengi, ila kitabu cha gari ndicho chenye kauli ya mwisho. Msiweke oili ya injini. Vilevile msiichukue oili hiyo ya difu mkaiweka kwenye giaboksi ya manyuo inayotaka GL-4, kwa sababu ringi zake za shaba hazipatani nayo.

Mdau wa Tabata

Shikamoo, mzee. Nitajuaje kama mlio ni wa difu, au ni wa beringi ya tairi, au ni tairi lenyewe?

Fundi mstaafu, Temeke

Marahaba, mwanangu. Tafuta barabara tulivu alfajiri, funga vioo, zima redio. Sauti ikibadilika unapotoka kwenye lami mbovu kuingia kwenye lami mpya, hiyo ni ya matairi. Ukiyumbisha gari polepole kulia na kushoto, na uvumi ukapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, shuku beringi ya tairi, kwa sababu unaihamishia uzito na kuiondolea.

Difu inasema lugha nyingine. Ikivuma unapokanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, hayo ni meno ya krauni na pinioni, maana ukikanyaga yanaumana kwa uso mmoja na ukiachia yanaumana kwa uso wa pili. Ikivuma wakati wote, uwe umekanyaga au umeachia, na ikapanda kadiri mwendo unavyopanda, anzia beringi za pinioni. Ikilalamika kwenye kona tu, angalia gia ndogo na pini yake. Ule mlio wa «kang» unapotoka rivasi kuingia gia ya mbele, usikimbilie kuilaumu difu. Lala chini kwanza, ishike propela kwa mikono miwili na uisokote, utazame msalaba wa jointi. Mara nyingi chanzo ni huo msalaba, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na difu.

Mdau wa Goba

Mzee, shikamoo. Mimi nilipita Jangwani wakati maji ya Msimbazi yamefunika barabara, yakafika nusu ya rimu. Gari halikuzima na nikashukuru Mungu. Sasa ni karibu mwezi, breki ya nyuma kushoto inateleza, na ndani ya rimu nimeona oili. Je, maji yanahusika?

Fundi mstaafu, Temeke

Yanahusika, na ninaomba usiendelee kuliendesha gari hilo mpaka uangalie, kwa sababu oili imefika kwenye vitambaa vya breki.

Juu ya kasha la ekseli kuna kijitundu chenye kofia ndogo ya chuma, ukubwa wake kama ncha ya kidole. Hicho ndicho kipumuo. Difu ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka na kutokea hapo. Kikizibwa na matope, hewa inatafuta njia nyingine, inaisukuma oili ipite kwenye sili za hafushafti, nayo inaingia kwenye dramu. Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba ulipoingia majini, kasha lilikuwa la moto, likapozwa ghafla, hewa ya ndani ikasinyaa, na ekseli ikavuta pumzi. Pale kipumuo kilipokuwa kimeziba au kimezama, pumzi hiyo ilikuwa maji.

Egesha mahali tambarare, zuia matairi ya mbele, fungua bolti ya kujazia, kisha fungua ya kumwagia. Daima anza na ya kujazia. Nimeona watu wamekwisha kuimwaga oili yote, ndipo wanagundua kwamba bolti ya juu imeota kutu na haifunguki, gari likabaki kavu katikati ya uwanja. Angalia rangi ya kinachotoka. Ikiwa ni kama chai ya maziwa, maji yameingia. Tazama pia sumaku iliyo kwenye bolti ya chini, kama gari lako linayo. Tope laini la kijivu ni la kawaida, ila vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida.

Kijana wa Kinondoni

Wakuu, nina Altezza. Rafiki zangu wamezichomelea gia ndogo za difu zao kwa welding ili matairi yote mawili yavute pamoja. Kuna ubaya gani?

Mleta uzi

Ndugu yangu, rudi kwenye ile hesabu ya mita 2.36. Ukichomelea, unailazimisha kila kona ya jiji hili iliburuze tairi umbali huo, na kisichokubali kuburuzwa kitavunjika: hafushafti, jointi zake, au chomeleo lenyewe, ambalo vipande vyake vitapita katikati ya krauni na pinioni. Mvua ikinyesha, gari litasukuma moja kwa moja wakati wewe umekata usukani, na sitapenda kusikia habari hiyo. Zipo difu zilizotengenezwa kwa klachi za ndani zinazopunguza tofauti ya mizunguko bila kuiua, na baadhi ya Altezza zilitoka kiwandani na difu ya Torsen, inayofanya kazi hiyo kwa gia badala ya klachi. Ukiwa na ile ya klachi, tumia oili iliyoandikwa LSD, jina la kifupi la difu za aina hiyo, la sivyo itanguruma kwenye kona na klachi zitaungua.

Mdau wa Kigamboni

Naomba kujua namna ya kuipima reshio kabla ya kununua, maana wauzaji wote husema inaingia bila shida.

Mleta uzi

Anza na kibati cha gari lako. Kwenye Toyota, angalia mstari wenye neno AXLE au herufi C/TR/A/TM. Humo kuna kodi ya ekseli, na muuzaji makini ataifahamu.

Ikiwa difu iko mezani, hesabu meno ya krauni na ya pinioni, kisha gawanya. Ikiwa bado iko garini, nayo ni ya kawaida, isiyo ya klachi, inua tairi moja la nyuma kwa jeki, weka stendi ya chuma, zuia kwa mawe matairi yanayobaki chini, weka gia huru na uachie handibreki. Piga chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zungusha tairi lililo juu duru mbili kamili, si moja, kwa sababu lile la chini limesimama na kasha linazunguka nusu tu. Idadi ya mizunguko ya propela ndiyo reshio yako. Ikizunguka mara nne na kidogo sana, ni 4.1. Ikikaribia mara nne na robo tatu, ni 4.778.

Kwa wenye Hilux za kuendesha matairi manne, reshio ya mbele na ya nyuma ni lazima ziwe sawa. Zikitofautiana, hutajua lolote mpaka siku utakapoingiza gia ya manne kwenye ardhi ngumu, na hapo ekseli mbili zitaanza kuvutana.

Mdau wa Goba

Narudi na majibu. Bolti ya kujazia iligoma, tukaipaka mafuta ya kulainisha kutu tukaiacha usiku kucha, asubuhi ikafunguka. Oili iliyotoka ilikuwa rangi ya chai ya maziwa kabisa. Sumaku ilikuwa na tope la kijivu tu, hakuna vipande. Kipumuo kilikuwa kimejaa udongo mkavu mpaka juu, tumekisafisha kwa petroli na waya. Sili mbili za hafushafti ni mpya, vitambaa vya breki vya kushoto ni vipya, na oili ni 85W-90 yenye alama GL-5, tumeijaza mpaka ikaanza kumwagika kwenye mdomo wa tundu. Je, nimemaliza?

Fundi mstaafu, Temeke

Bado kidogo, mwanangu. Maji hayatoki yote kwa mara moja, mengine yamebaki kwenye mabomba ya ekseli. Tembea siku tatu au nne mpaka difu ipate moto vizuri, kisha uimwage tena hiyo oili ingawa ni mpya. Ikitoka na ukungu, rudia. Ikitoka safi, jaza ya kudumu, na ukimaliza kujaza ingiza kidole cha mwisho kwenye tundu, ukunje kidogo kuelekea chini. Kikigusa oili hapo hapo kwenye ukingo, funga bolti.